Kichwa Kilichoitikia

Kitu cha kwanza alichokigundua Kifungo kilikuwa kidogo sana, na hakuna mtu mzima aliyekitilia maanani. Dada yake akiingia katika karakana ya ushonaji, cherehani ziliongeza mwendo. Si kwamba kazi ilikuwa nyingi. Mafundi walikanyaga kwa nguvu ili kelele ifunike ukimya wao.

Kifungo aliyajua hayo kwa sababu karakana ile ilikuwa kama nyumba yake ya pili. Kila siku akitoka shule msichana huyo alipitia pale mama yake alipofanya kazi. Alivua viatu mlangoni, akafagia nyuzi na vipande vya vitambaa, kisha akaketi kwenye kigoda karibu na miguu ya mama na kushona vifungo. Jina la Kifungo alipewa na mafundi kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya pili pia: mdomo wake ulikuwa umefungwa karibu saa zote.

Hakuwa na kiburi. Ulimi wake ndio uliokuwa ukimsaliti. Akiwa ametulia, herufi zote zilikaa mahali pake. Akiulizwa ghafla mbele ya watu, au akisema kwa haraka, l ilimgeuka ikawa r. Siku moja darasani mwalimu alimuuliza kwa nini haandiki, naye akajibu kwamba amesahau karamu nyumbani. Mwalimu alielewa kuwa ni kalamu, akampa nyingine, na jambo likaisha. Tangu hapo Kifungo aliona ni heri kuitikia kwa kichwa kuliko kujibu kwa mdomo.

Mkuu wa karakana alikuwa Mzee Futi. Futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake, na Bi Darizi, fundi wa nakshi aliyependa mzaha, alisema mzee huyo siku akioa tena ataivaa badala ya tai. Mafundi hawa walikuwa na maneno yao wenyewe. Mteja aliweza kusimama mbele ya kioo akajadiliwa kutoka kichwani hadi miguuni, naye asijue. "Fahari" alikuwa mteja anayeagiza nguo ya kuwaonyesha watu, hata kama inambana pumzi. "Kura" alikuwa mteja asiyeweza kuamua mpaka amuulize kila anayepita njiani kama rangi imempendeza. Na "mnofu" kilikuwa kipande kizima cha kitambaa kinachobaki baada ya kukata. Sheria ya Mzee Futi ni kwamba mnofu hurudishiwa mwenyewe, hata kama hajui kuwa upo.

Dada yake Kifungo alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, akisomea lugha. Ili ahitimu, kila mwanafunzi alitakiwa kufanya mradi wake mwenyewe, na yeye alichagua kukusanya maneno ya mafundi na kueleza yanasema nini kuhusu kazi yao. Alikuja karakana na kinasa sauti, akakiweka juu ya meza ya kukatia, akawaomba mafundi waongee kama kawaida.

"Haya, Msomi kaja," Bi Darizi alisema, na cherehani zikanguruma kama mvua juu ya bati.

Dada alirudi nyumbani na kelele tupu. Akajaribu tena na tena, akaambulia kelele zaidi. Ndipo alipomgeukia mdogo wake. Kifungo angesikiliza mchana, na jioni wangekaa chumbani mwao amweleze alichosikia. Mzee Futi aliombwa ruhusa, akakubali kwa sharti moja: kabla maandishi hayajapelekwa chuoni, asomewe yeye na wenzake, waridhike, ndipo waweke sahihi zao. Msimamizi wa mradi kule chuoni alikuwa ameagiza hivyohivyo, kwa hiyo Dada hakuona taabu.

Mwanzoni Kifungo aliifurahia kazi ile. Dada yake, aliyekuwa akipita sebuleni na vitabu kifuani bila kumtupia jicho, sasa aliketi naye kitandani, magoti yakigusana, akimsubiri aseme. Hakuna mtu aliyewahi kuyasubiri maneno yake namna ile.

Kisha ikaja Jumamosi ya wageni.

Wenzake Dada wa chuoni walikuja kusoma pamoja. Kifungo alikuwa jikoni akisuuza vikombe aliposikia sauti yake mwenyewe ikitoka sebuleni. Dada alikuwa amefungua kinasa sauti. Sauti ilisema, "Ngoja kwanza, dada, karamu yako imeanguka." Vicheko vikapasuka. Mmoja akauliza karamu hiyo ni ya harusi au ya nini. Mwingine akaomba irudiwe, na Dada akairudia. Kifungo akabaki na kikombe mkononi, maji yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Lingeishia sebuleni, pengine lingepoa. Lakini mmoja wa wageni alikuwa na ndugu yake mdogo katika darasa la Kifungo. Jumatatu, kabla hata kengele haijalia, walikuwa wakimngoja mlangoni. Waliuliza sahani ziko wapi, na kama wapishi wamefika. Mpaka mapumziko jina lilikuwa limeshamganda: Karamu. Mwalimu aliwakemea, wakanyamaza mbele yake. Nyuma yake wakaendelea.

Jioni Kifungo alimwambia mama kwamba kichwa kinauma. Dada alipopata habari kutoka kwa rafiki yake, alicheka kidogo akasema ulikuwa utani tu, watoto watasahau. Kisha akawasha kinasa sauti na kuuliza leo kuna neno gani jipya.

Kifungo alimtazama dada yake, nywele zake zilizosukwa vizuri, kucha zake safi, na kitu kikamkaa kifuani kama jiwe la moto. Alitamani Dada asimame siku moja mbele za watu, achekwe mpaka akose pa kuweka mikono yake. Hakujua atafanyaje. Alijua tu kwamba atafanya.

"Fahari," alisema polepole. Alilitamka sawasawa.

Dada alisimamisha kalamu. Kwa kuwa alizoea kunyoosha r za mdogo wake, aliinyoosha na hii. "Unamaanisha fahali? Ng'ombe dume?"

Palikuwa na nafasi ya kusema hapana. Ilikuwa nafasi pana ya kutosha kupita gari. Kifungo alikitazama kinasa sauti, taa yake ndogo nyekundu ikiwaka, akakumbuka kwamba hakina macho. Kinanasa sauti, hakinasi kichwa. Basi akaitikia kwa kichwa.

"Wanamwita mteja fahali," Dada alinong'ona, akaandika haraka. "Na kingine?"

"Kura."

"Kula. Wanamla." Safari hii hata hakuuliza sana; aliinua macho tu, na kichwa cha Kifungo kikashuka na kupanda. "Na mnofu tunao tayari. Fahali, kula, mnofu. Unaona, mdogo wangu? Kwao mteja ni chakula."

Kifungo hakulala mapema siku ile kwa furaha. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Hakuwa amesema uongo hata mmoja. Dada mwenyewe ndiye aliyechimba shimo, yeye alishika taa tu.

Siku zilizofuata alimwona Dada akijenga juu ya maneno yale matatu. Aliandika sura nzima, akaipa kichwa cha habari "Mteja kama Mlo." Msimamizi wake aliisoma akaisifu, akamwambia hajawahi kuona wazo kama hilo, na kwamba akishapata idhini ya mafundi, atapangiwa siku ya kuutetea mradi mbele ya jopo. Dada alirudi nyumbani akiimba. Kila alipoimba, Kifungo aliinamisha kichwa kwenye daftari lake la hesabu na kutabasamu. Shuleni wakimwita Karamu, alijiambia moyoni: ngojeni, kuna mwenzangu anakuja.

Siku ya kusomewa ilifika. Mzee Futi alifunga karakana mapema, wateja wakaondoka, mafundi wakageuza viti vyao. Mama alivaa kitenge kipya, akaketi mbele kabisa, mikono mapajani, akijivunia bintiye. Kifungo alikaa kwenye kigoda chake na shati la mtu, sindano mkononi, moyo ukimdunda kwa hamu.

Dada alimwamkia Mzee Futi, naye akaitikia marahaba. Akaanza kusoma kwa sauti nzuri ya kujiamini. Alisoma kwamba katika lugha ya mafundi, mteja huonekana kama mlo. Anapoingia ni fahali anayesubiri kuchinjwa. Akishaagiza, fundi humla. Na kinachobaki juu ya meza ya kukatia huitwa mnofu, kama nyama iliyobaki mfupani.

Mafundi wakatazamana.

"Binti," Mzee Futi alisema, "ni nani aliyekwambia kwamba sisi tunachinja watu?"

Dada alijibu kwamba ni maneno yao wenyewe. Bi Darizi akasimama, mikono kiunoni. Alisema yeye tangu aanze kushona hajawahi kutamka fahali ndani ya chumba kile, kwani hapa ni buchani? Wanasema fahari, na wanasema kura, ya kupiga kura. Na mnofu, alisema, ni mali ya mteja, tunamrudishia mkononi. Sasa huko chuoni wakisoma kwamba tunautafuna, nani ataleta kitambaa chake hapa tena?

Dada alipauka. Akageuka. "Kifungo ndiye aliyeniambia fahali. Nilimuuliza kabisa."

Macho yote yakamwangukia Kifungo. Mama akamuuliza kwa upole kama alisema hivyo.

"Mimi nilisema fahari," Kifungo alijibu. Kila herufi ilikaa mahali pake. "Sikiliza kwenye kinasa sauti."

Dada akakifungua. Sauti ndogo ikatoka, safi kama maji: fahari. Kisha sauti ya Dada: unamaanisha fahali? Kisha kimya.

"Alikubali," Dada alisema. "Aliitikia kwa kichwa. Nilimwona."

"Sikuitikia," Kifungo alisema.

Bi Darizi akaanza kucheka, wengine wakafuata. Alisema haya ndiyo mambo ya kusoma mpaka masikio yanaziba. Msomi wa lugha anaambiwa fahari, yeye anaona ng'ombe. Akamwita Fahali, akamuuliza kama atakula majani au wamletee pumba. Dada alisimama na karatasi zake, hajui aziweke wapi. Ilikuwa kama Kifungo alivyoiota, hata hiyo mikono iliyokosa mahali. Moyo wake ulisuuzika. Alivuta uzi, akakaza kifungo, na hakuwahi kuona kifungo kilichokaa vizuri kama kile.

Mama hakucheka. Alisimama akasema jambo moja tu, akimtazama binti yake mkubwa. "Huyu mdogo wako haongei sana. Lakini akisema, amesema kweli. Namjua."

Mzee Futi alikataa kuweka sahihi, na wengine wakakataa pamoja naye. Bila idhini yao hakuna mradi, na bila mradi hakuna kuhitimu mwaka ule.

Siku zilizofuata Kifungo alikula vizuri na kutembea kifua mbele. Kila Dada alipopita nje ya karakana, mtu alimwita Fahali, na yeye aliongeza hatua huku ameinama. Kifungo alilihesabu kila jina kama deni linalolipwa. Ila lile neno la mama, "namjua", lilikuwa halimtoki. Lilimrudia akipiga mswaki, likamrudia akifunga kamba za viatu, likawa kama kipande cha uzi kilichokwama kati ya meno.

Kisha jioni moja alimkuta Dada ameketi sakafuni chumbani, ameegemea kitanda, sura ile ya mlo ikiwa mapajani. Kifungo alisubiri agombezwe. Alikuwa amejiandaa kwa hilo, na majibu alikuwa nayo.

"Nimekuwa nikifikiri," Dada alisema. "Labda hukuitikia kweli. Labda nilitaka sana liwe fahali, mpaka nikaona kichwa kikiitikia ambacho hakikuitikia. Nimewahi kuona watu wa namna hiyo nikawacheka. Nisamehe kwa kukusingizia mbele ya mama."

Kifungo alitaka Dada aaibike. Hakutaka Dada aache kuyaamini macho yake mwenyewe. Aliketi kitandani. Akataka kusema. Mdomo ukakataa. Dada alisema kwamba kesho ataenda kumwambia msimamizi ataurudia mwaka, kisha akazima taa.

Asubuhi Kifungo hakwenda shule moja kwa moja. Alipita karakana. Mafundi walikuwa wameshaanza, na mama alikuwa akipitisha uzi kwenye sindano ya cherehani. Kifungo alisimama katikati ya chumba, mkoba mgongoni.

"Mimi," alisema, na hakuna aliyemsikia kwa sababu ya kelele. Akasema tena, kwa sauti kubwa kuliko alivyowahi kusema popote. "Mimi niriitikia."

Kijana mmoja wa pasi akacheka ile r. Mzee Futi aliondoa mguu kwenye kikanyagio, cherehani yake ikazima, na moja baada ya nyingine zote zikazima. Bi Darizi naye akanyamaza.

"Endelea," Mzee Futi alisema.

Ulimi ulimgeuka kila mahali, lakini aliendelea. Alisema kwamba Dada aliuliza kama ni fahari, la, fahali, na yeye alijua ukweri, na akaitikia kwa kichwa makusudi. Na kwenye kura pia. Na siku ile ya kusomewa aliposema hakuitikia, huo ulikuwa uongo, mbere ya wote, mbere ya mama. Alimaliza akiwa anahema kama aliyepanda kilima.

Mama aliuliza kwa nini. Kifungo akatazama sakafu. Hilo hakuweza kulisema. Alisema tu kwamba alikuwa na hasira. Uso wa mama ulikunjamana kwa namna iliyomuuma zaidi ya kofi.

Mzee Futi alizungusha ncha ya futi yake kidoleni. Kisha akamtuma kijana wa pasi akimbie nyumbani kumwita Msomi kabla hajaenda chuoni, na akamwambia amwite kwa heshima. Dada alipofika, alielezwa yote.

"Mtoto amekosa, naye amesema," Mzee Futi alimwambia. "Lakini na wewe, mwanangu, ulitaka maneno yetu bila kukaa nasi. Ukitaka sahihi yangu, kiache hicho kidude nyumbani. Njoo ukae hapa, upinde mapindo ya suruali kama wengine."

Basi Dada akaja. Alijichoma sindano, akapinda suruali ya mtu mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, akachekwa, akafumua, akapinda upya. Mwanzoni cherehani zilinguruma. Baadaye zikapungua mwendo, na maneno yakaanza kutoka yenyewe. Kabla muda aliopewa na msimamizi haujaisha, alikuwa ameitupa sura ya mlo na kuandika nyingine. Aliandika kwamba mafundi wana maneno ya siri ili waweze kusema ukweli kuhusu nguo bila kumwaibisha aliyeivaa. Alipowasomea, Bi Darizi alijifuta macho akasingizia vumbi la pamba. Wote wakaweka sahihi. Jopo la chuo lilimhoji sana, likamkosoa hapa na pale, likampitisha.

Siku alipoleta habari hiyo, mama aliwaketisha mabinti zake wawili pembeni ya meza ya kula. Alianza na mkubwa. Alimwambia kwamba kazi ya kusikiliza watu haifanywi kwa kumtuma mtoto, na kwamba sauti ya mtu uliyopewa kwa imani si kitu cha kuchekeshea wageni. Hayo ya sebuleni alikuwa ameyajua sasa, kwa kuwa Dada mwenyewe alimweleza.

Kisha akamgeukia mdogo. "Na wewe, usidhani kwa kuwa mdomo ulinyamaza basi hukudanganya. Ukikubali kwa kichwa jambo ambalo si kweli, umesema uongo kama aliyesema kwa sauti. Ulikuwa na haki ya kukasirika, mwanangu. Hasira ina njia yake: unamwendea aliyekuumiza, unamwambia. Ukiificha ukalipiza kisasi, humuumizi yeye peke yake. Ungemkatisha dada yako masomo, ungewachafulia mafundi jina, na mimi nilisimama mbele za watu nikakutetea."

Kifungo aliomba radhi kwa mama, kwa mdomo, si kwa kichwa. Mama akamkumbatia, akaenda jikoni kutazama chungu.

Mabinti wakabaki wawili. Dada alisogeza kiti chake. Alimwonyesha ukurasa wa shukrani, ambapo jina la Kifungo liliandikwa baada ya la Mzee Futi. Alisema hataichezesha tena sauti ya mtu yeyote, na kwamba ameshamwomba rafiki yake azungumze na ndugu yake wa pale shuleni. Kisha akauliza, "Tumesameheana, siyo?"

Kichwa cha Kifungo kikaanza kushuka, kwa mazoea. Akakizuia.

"Mimi nimekusamehe kunicheka," alisema. "Kitu kingine bado." Dada alimngoja. L zilikuwa zikimtetemekea ulimini, akaziacha zitoke zinavyotaka. "Uriuriza watu wote maswari, dada. Mafundi, waarimu, wote. Mimi hukuwahi kuniuriza kama iriniuma. Iriniuma."